Ngurumo na Daftari la Mapokezi

Ngurumo alikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba jua lilichomoza kwa idhini yake, na kwamba watu waliopanga foleni pale mapokezi ya redio mara kwa mara saa nne walikuja kumsifu.

La jua tumsamehe. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha alfajiri, na kwa miaka minane hakuna asubuhi iliyoingia mjini bila yeye kuikaribisha. "Amkeni, wavivu wakubwa nyie! Mfalme wenu ameshaamka!" Ndivyo alivyowasalimu watu. Watu waliamka. Wengine waliamka wakazima redio, lakini hao hakuwaona.

Hili la foleni ndilo lililomponza.

Mapokezini pale redioni palikuwa na kaunta, viti vitatu vya plastiki, feni iliyozunguka pale tu ilipojisikia, na daftari jeusi la jalada gumu lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa kaunta lisije likaota miguu. Mwenye kaunta alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole, mwenye mwandiko wa kunyooka, ambaye jengo zima lilimwita Mama Mapokezi.

Ngurumo akimaliza kipindi hushuka ngazi akijipangusa jasho, utadhani ametoka kulima ekari mbili kwa jembe la mkono. Siku nyingine anawaona watu wameinama juu ya daftari, wanaandika kwa nguvu mpaka kalamu inatoboa karatasi. Roho yake inachanua!

"Mama Mapokezi, leo wangapi?"

"Sita, baba."

"Wananipenda hawa watu!"

Mama Mapokezi aliendelea kupanga barua zake. Alikuwa na kawaida ya kujibu alichoulizwa tu.

Siku moja mapenzi yalimzidia. Akajipenyeza kwenye foleni, akampokonya kalamu bwana mmoja mwembamba aliyekuwa katikati ya sentensi, akaandika ukurasa mzima kwa herufi kubwa kubwa: *Nimesoma yote. Nakubali yote. Nawapenda wote. Ngurumo.* Akapiga na saini yenye mkia mrefu. Yule bwana mwembamba alibaki mdomo wazi, mkono bado umeshika kalamu ambayo haipo.

Ngurumo hakuwa amesoma hata mstari mmoja.

Angesoma, angekutana na mji mzima. Maana hapakuwa na mtu ambaye ulimi wake haukumpitia. Wanawake wanene, alitangaza, wakipanda mizani, mizani inaomba likizo ya ugonjwa. Wajane hulia kwa jicho moja, jingine linatafuta mume. Mafundi cherehani ni waongo wa kuzaliwa. Walinzi hulinda usingizi wao tu. Mtu mwenye kigugumizi akipiga simu kipindini, Ngurumo alimwigiza mpaka yule mtu anakata simu mwenyewe. Hata mama yake mzazi hakupona! Miaka mitatu nyuma aliwasimulia wasikilizaji jinsi meno ya bandia ya bi mkubwa yalivyomchomoka akicheka mbele ya wageni, yakatua ndani ya bakuli la mchuzi. Mji ukacheka. Ngurumo akacheka kuliko mji.

Na Meneja je? Meneja alicheka mpaka akafuta machozi kwa tai. Malalamiko yakipanda juu ofisini, aliyapungia mkono kama anayefukuza nzi. "Ni utani huo. Watu wajifunze kucheka!"

Sasa sikiliza.

Kipindi cha mchana kilikuwa cha binti mmoja mwepesi wa maneno, jina lake la hewani Chiriku. Jumatatu moja upepo ulivuma vibaya sana, mabati yanagonga, vumbi linapanda. Chiriku akasoma habari za hali ya hewa, kisha akaongeza lake: "Na nyie wababa mnaovusha nywele kutoka sikio moja kwenda la pili kufunika kipara, leo msitoke. Daraja linaweza kung'oka!"

Basi. Hayo tu.

Meneja alikuwa na nywele kumi na saba. Zote zilitoka sikio la kushoto zikahamia la kulia, na kila asubuhi alizilaza kwa mafuta na dua. Hakuna aliyewahi kulisema hilo ndani ya jengo. Lakini jioni ile daftarini kulikuwa na lalamiko jipya, limeandikwa kwa wino wa kijani: *Nimedhalilishwa mbele ya taifa. Hatua kali zichukuliwe. Ni mimi, msikilizaji mwenye uchungu.*

Kalamu ya kijani jengoni humo ilikuwa moja, na ilikaa mfuko wa shati la Meneja.

Kesho yake asubuhi Ngurumo akaitwa juu.

"Kaka, redio hii inaharibika," Meneja alisema, kiganja kikiwa juu ya kichwa kama anayelinda ghala. "Vijana hawana adabu. Tunahitaji kanuni. Wewe ndiye mkongwe hapa, niandikie."

Moyo wa Ngurumo ukaruka sarakasi. Mjue kwamba alikuwa na hamu moja tu maishani wakati ule: cheo cha Mkuu wa Vipindi. Cheo chenye ofisi, ofisi yenye zulia, na juu ya zulia kiti kinachozunguka. Alikuwa ameshakikalia kwa siri mara tatu, akajizungusha mpaka kizunguzungu kikamshika. Usaili ulikuwa umebaki siku kumi. Baada ya mchujo walibaki wawili: yeye na Chiriku! Katoto kalikoingia redioni juzi, kanashindana na mfalme!

Akajifungia studio ndogo na karatasi. Kanuni ya kwanza: *Kwa kila lalamiko moja lililoandikwa daftarini, mtangazaji atakaa nje ya hewa siku saba.* Ya pili: *Anayetumikia adhabu haruhusiwi kusailiwa kwa cheo chochote.* Akaisoma tena ile ya pili, akaipiga busu.

Kisha akapiga hesabu kwa vidole. Lalamiko moja, siku saba. Usaili, siku kumi. Mbona binti atakuwa ameshamaliza adhabu, na siku tatu za kupaka poda juu yake!

Ngurumo akakuna kidevu. Akakumbuka kwamba mwaka uliopita kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliwahi kuja juu akifoka, kwa sababu Chiriku alisema mashabiki wa timu yake wanalia kama watoto wanaoachishwa ziwa. Lazima liliandikwa mahali. Malalamiko mawili, siku kumi na nne! Tatizo ni kwamba lilikuwa la zamani.

"La zamani si liingizwe tu?" akajiuliza. Akaandika kanuni ya tatu kwa mbwembwe: *Kanuni hizi zitahesabiwa kuanzia ukurasa wa kwanza wa daftari.*

Ili ionekane ina meno, akaongeza na ya nne: *Mkosaji atamwendea kila mlalamikaji alipo, ataomba radhi ana kwa ana, akiwa amesimama, na mlalamikaji akiridhika atatia saini. Kila saini inafuta siku saba.* Alimwona kwa jicho la ndani Chiriku akitafuta msikilizaji mwenye uchungu asiye na jina wala anwani. Akacheka peke yake mpaka fundi mitambo akachungulia kupitia kioo.

Jumatano kikaitishwa kikao cha wafanyakazi wote. Mwenyekiti alikuwa Afisa Utumishi, mama wa miwani ambaye hakuwahi kucheka kazini kwa kuwa haikuwemo kwenye mkataba wake. Ngurumo alisoma kanuni zake kwa ile sauti ya kutangazia misiba mikubwa. Alipofika neno "maadili" alilirudia mara mbili.

Chiriku alikaa pembeni, macho mekundu. Ile ilikuwa ndiyo riziki yake, na alijua kabisa nani aliyekatiwa nguo hiyo.

"Kabla hatujapitisha," alisema Afisa Utumishi, "hizi zinawahusu watangazaji wote?"

Ngurumo akasimama. Akafunga kifungo cha koti. "Dada yangu, sheria ni sheria! Wote! Bila kuangalia sura wala cheo! Hata mimi!" Na hapo akacheka kidogo, kwa jinsi wazo lenyewe lilivyokuwa la ajabu.

Meneja akasaini kwa kijani. Wote wakasaini.

"Mama Mapokezi," alisema Afisa Utumishi, "tuletee daftari."

Mama Mapokezi aliinua kichwa. "Yote matatu?"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Matatu yapi?" aliuliza Ngurumo.

"La kwanza lilijaa, baba. La pili likajaa. Hili la sasa limebakiza kurasa mbili."

Yakaletwa. Mama Mapokezi akavaa miwani, akalamba kidole, akafungua. "Anayelalamikiwa, Chiriku: mawili." Akafunua kurasa kadhaa. Akafunua nyingine. Akafunua zaidi, na kila ukurasa ulivyogeuka ndivyo tabasamu la Ngurumo lilivyoteremka, mpaka likamfikia shingoni. "Fundi mitambo, moja, la kupiga chafya hewani. Anayelalamikiwa, Ngurumo..." Akapumua. "Mia mbili na kumi na nne."

"Nini?!"

"Mia mbili na kumi na nne, baba. Nimeyahesabu mara mbili."

"Hao si walikuja kunisifu?"

"Hukuniuliza walikuja kufanya nini. Uliniuliza wangapi."

Fundi mitambo alipiga chafya nyingine, safari hii ya kuficha kicheko. Afisa Utumishi alikuwa na kalamu mkononi tayari. "Mia mbili na kumi na nne mara saba. Siku elfu moja mia nne tisini na nane. Miaka minne na mwezi na kitu."

"Huo ulikuwa utani!" Ngurumo alipaza sauti. "Meneja, waambie! Si wewe mwenyewe ulisema watu wajifunze kucheka? Na hayo malalamiko mimi siyatambui!"

"Unayatambua," alisema Mama Mapokezi kwa upole, akageuza daftari lile la pili. "Hapa. *Nimesoma yote. Nakubali yote.* Na saini yako hii, yenye mkia."

Ngurumo akamgeukia Meneja kama mtu anayezama anavyolitazama gogo. Na kwa kweli Meneja alishafungua kinywa kumwokoa. Alikuwa ameshashika hata neno "utani" kwenye ncha ya ulimi. Lakini jicho lake likaangukia ukurasa wa upande wa pili, lalamiko la themanini na nane, lile la wanawake wanene na mizani. Mwandiko ule aliujua. Aliuona kila asubuhi kwenye karatasi ya mahitaji ya nyumbani.

Mkewe!

Meneja akafunga kinywa. Akaugusa upara. "Sheria ni sheria," akasema kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kwamba ana pa kurudi jioni.

Mambo ya Chiriku yaliisha kabla ya saa sita mchana. Kinyozi alisaini huku povu la sabuni likiwa mkononi. "Dada, mimi nilishasahau. Na ukweli tulilia." Kisha binti akapanda juu, akagonga mlango wa Meneja, akasimama wima kama kanuni inavyotaka.

"Shikamoo, bosi. Namtafuta msikilizaji mwenye uchungu, nimwombe radhi ana kwa ana."

Meneja akakohoa. Akatazama dirishani. "Huyo... ameshasamehe. Alinipigia simu."

"Nashukuru. Ila inatakiwa saini yake."

Meneja alitazama kulia, akatazama kushoto, akachukua fomu na kusaini haraka haraka. Kwa kijani. Chiriku akainama kumshukuru, akatoka, na alipofika kwenye ngazi ndipo akaachia kicheko alichokuwa amekibana tumboni. Wiki iliyofuata akaenda kwenye usaili peke yake, na kiti kikazunguka chini yake kihalali.

Ngurumo yeye alianza safari.

Mfalme alitembea mji mzima na bahasha ya fomu kwapani. Alisimama mbele ya walinzi, mbele ya walimu, mbele ya mafundi cherehani ambao walimwambia aje kesho, na kesho wakamwambia aje keshokutwa. Wajane wanne walimwomba arudie yale maneno yake taratibu, neno kwa neno, wakimtazama kwa macho yote mawili. Mke wa Meneja alimletea mizani sebuleni, akamwambia apande yeye kwanza. Yule mwenye kigugumizi alichukua muda wake wote kusema "ni-ni-nimekusamehe", na Ngurumo alisimama, akasubiri mpaka neno likafika mwisho. Lilikuwa jambo dogo. Lakini alipotoka pale hakujipangusa jasho, na aibu aliyoihisi ilikuwa aibu ya kweli.

Miezi minne ikapita. Saini mia mbili na kumi na tatu! Ikabaki moja, ya zamani kwenye daftari la kwanza, na Afisa Utumishi hakuwa mtu wa kufunga faili lililopungukiwa saini, hata siku zikiwa zimetimia. Mama Mapokezi alimsomea mlalamikaji ni nani, kisha akavua miwani.

"Alikuja mwenyewe, baba. Ulikuwa hewani. Alikaa kwenye kile kiti karibu na feni, akaandika, akaniomba nisikusumbue."

Mlalamikaji alikuwa mama yake.

Ngurumo alikwenda jioni ile ile. Bi mkubwa alikuwa anakunja nguo kitandani. Hakuonekana kushangaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo. Nasikia huwa mnasimama."

Akaomba radhi. Alitumia sauti ya redio, ile nzito ya kushuka chini mwishoni. Mama akaendelea kukunja nguo.

"Sijaridhika," akasema, kiganja mdomoni. "Rudi kesho."

Akarudi kesho. Hakuridhika. Akarudi keshokutwa, akaletewa chai, na hakuridhika. Siku ya sita Ngurumo akagundua kwamba kila mama yake anapotaka kutabasamu anajiziba mdomo, na akakumbuka tangu lini.

"Mama, kumbe hucheki tena?"

"Nicheke, yaruke, utangaze?"

Hapo sauti ya redio ilimkimbia. Akabaki na sauti yake ya nyumbani, nyembamba kuliko mlivyodhani. "Nisamehe, mama. Nilikuaibisha ili wanicheke... wanichekee mimi. Ni vibaya nilivyofanya."

Akarudi nyuma kidogo apate pa kupiga goti, akasahau kwamba alipaswa kusimama, akasahau pia beseni la nguo zilizolowekwa lililokuwa nyuma yake. Puu! Akakaa ndani ya beseni, magoti yakamfika masikioni, bahasha ya fomu ikaelea. Alijaribu kunyanyuka, beseni likanyanyuka naye!

Bi mkubwa alicheka. Alicheka kwa kinywa chote, kiganja akakisahau, na meno yakatoka mazima mazima yakatua kwenye kikombe cha chai cha mwanawe.

Hebu fikiria! Kichekesho cha kumtosha mwezi mzima hewani, kimemwangukia mapajani! Ngurumo akayatazama meno. Akaufunga mdomo wake. Akainuka na beseni lake, akaenda kuyasuuza, akamrudishia mama yake kwa mikono miwili.

"Sasa lete kalamu," alisema bi mkubwa.

Jumatatu Ngurumo alirudi hewani. Aliwasalimu watu kwa maneno ya heri, akawaambia wavivu walale tu wakitaka. Chiriku, ambaye sasa ndiye Mkuu wa Vipindi, alikuwa amemwandalia zawadi ya kumkaribisha: mgeni kwa njia ya simu.

"Haloo, wasikilizaji," ilisema sauti ya bi mkubwa, imechangamka kweli. "Mimi ni mama yake huyu mfalme wenu. Amekuwa mtu mzuri siku hizi. Hata utotoni alikuwa mzuri, kasoro moja tu, alikojoa kitandani mpaka darasa la tano. Godoro analianika mwenyewe, ukimuuliza anasema ni jasho! Ndio hilo jasho analojipangusa hadi leo!"

Mji ulicheka mpaka mabati yakatikisika. Fundi mitambo alilala juu ya mitambo.

Saa nne kamili Ngurumo alishuka ngazi, amefura, hana jasho la kupangusa. Alikutana na Chiriku mlangoni.

"Hii ni dharau! Nimedhalilishwa mbele ya taifa! Kanuni zinasemaje?"

"Kanuni zinamhusu mtangazaji, kaka. Bi mkubwa ni mgeni tu." Chiriku akatabasamu. "Na si ulikuwa utani?"

Ngurumo akaenda mpaka kaunta. Mbele yake walikuwepo watu wawili, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika akalivuta lile daftari jipya, akainama, akaanza kuandika kwa nguvu.

"Taratibu, baba," alisema Mama Mapokezi. "Unatoboa karatasi."